Mvua Imeanuka, Mtoto Atoke

Anayetaka kuijua Kwale aende wakati wa masika, aamke asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, na atoke na mtoto mdogo. Nayasema haya baada ya kuifuata njia inayoanzia Kwale mjini, ikapita Mkongani na Milima ya Shimba, ikateremka hadi mikoko ya Gazi na ufuo wa Diani. Nayasema pia nikijua kwamba ni kinyume cha ushauri anaopewa mzazi wa mjini kila mwezi wa Mei: mtoto abaki ndani, avishwe sweta, mlango ufungwe mpaka jua lirudi. Ushauri huo una mapenzi na una hofu za kweli, na hofu hizo nitazijibu kadiri njia inavyotufikisha mahali pake. Lakini naona umekosea kipimo. Hatari za mvua kubwa zina mahali pake na saa zake, zinajulikana, na zinaepukika. Heri zake zimetapakaa nchi nzima, na mtoto wa miaka miwili au mitatu ndiye mwenye macho ya kuziona, kwa kuwa yuko karibu na ardhi na hana haraka ya kufika popote.

Kwale mjini

Mji wa Kwale umekaa juu, karibu mita 400 kutoka usawa wa bahari, na anayepanda kutoka Kombani huiona tofauti kabla hajafika. Hewa inapoa, majani ya minazi yanang'aa maji, na ukungu umelala kwenye mabonde kama moshi wa jiko lililozimwa. Sababu ya mvua ya hapa inaonekana kwa macho. Kuanzia Aprili upepo wa kusi hupuliza kutoka baharini ukiwa umebeba unyevu. Ukigonga ukingo wa milima hupanda, hupoa, na kuyaachia maji. Ndiyo maana milima hii na ukanda wa pwani ulio chini yake hupata milimita 1,000 za mvua na zaidi kwa mwaka, ilhali nyuma ya milima, Kinango, wakulima huomba Mungu wapate nusu ya hizo. Asubuhi ikitakata, mtu aliyesimama ukingoni huiona bahari upande wa mashariki na mawingu yakija juu yake. Mtoto hahitaji somo la hali ya hewa; anahitaji kuoneshwa kidole kinakoelekea. Atakachokiona kuanzia hapo hadi mwisho wa safari ni maji yaleyale yakirudi yalikotoka, na hilo ndilo linaloifanya njia hii iwe moja badala ya mkusanyiko wa vituo.

Watu husema kwanza habari ya matope. Jibu liko ardhini. Milima ya Shimba ni ya mawe ya mchanga, na mashamba mengi kati yake na bahari yana udongo wa kichanga, kwingine mwekundu, unaonyonya maji haraka. Mvua ikikoma alfajiri, kufikia saa tatu njia ya miguu imeshika, na kilichobaki ni vidimbwi kwenye alama za magurudumu. Upande wa Kinango mambo ni mengine: kule udongo ni mzito, hunata, mguu unang'ang'aniwa na pikipiki hulala njiani mpaka kesho yake. Kwa hiyo anayesema kuwa haiwezekani kutembea na mtoto baada ya mvua anasema kweli ya sehemu moja na kuieneza kaunti nzima. Mzazi asiyejua udongo wa mahali alipo na amwulize mwenye boda boda, ambaye maisha yake yanategemea kujua, kisha achague upande wa mchanga. Wakati anasubiri njia ishike, kuna mahamri na mbaazi za nazi, na mtoto akipewa hamri moja mkononi atasubiri bila kulalamika.

Mkongani

Mkongani iko upande wa pili wa msitu wa Shimba, katika eneo bunge la Matuga, nchi ya Wadigo ambamo Waduruma na Wakamba wana mashamba pia. Ni nchi ya minazi, mikorosho, michungwa, mihogo na mahindi, na asubuhi baada ya mvua kubwa ndiyo asubuhi ambayo hakuna aliyebaki ndani. Palizi haingoji. Mahindi yakizidiwa na magugu wiki mbili za masika, mavuno ya Agosti yamekwenda. Akina mama huenda shambani na jembe begani na mtoto mgongoni, amefungwa leso, kichwa kimetokeza upande, na leso ya pili imekunjwa juu ya kichwa cha mama tayari kwa manyunyu. Anayeweza kutembea hutangulia, akiwa na kijiti. Wakifika, mdogo huketishwa juu ya leso chini ya mkorosho, dada yake mkubwa akimwangalia, na kazi inaanza.

Nalitaja hili mapema kwa sababu pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba kumtembeza mtoto baada ya mvua ni anasa ya watalii. Mkongani inaonyesha kinyume. Hii ndiyo desturi ya watu wa kazi, na kumfungia mtoto ndani siku nzima ndiko kunakohitaji nafasi, umeme, televisheni na mtu wa kukaa bure. Tena kuna safari ambazo hazina hiari. Chanjo za mtoto Kenya zina tarehe: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua na rubela miezi 9 na miezi 18, na kalenda hiyo haikuandikwa kwa kutazama mawingu. Mama wa Mkongani ambaye tarehe yake imeangukia masika hutoka. Ningependa mgeni anayefika huku na gari na mwavuli amtazame mama huyo kama mjuzi wa jambo, amwulize njia, na amwige.

Pingamizi zito zaidi ni la baridi. Mzee yeyote akikukuta njiani atauliza, na atauliza kwa haki yake ya uzee: "Mwanangu, mtoto umemtoa na kibaridi hiki, hutaki apate nimonia?" Swali hilo linastahili jibu la heshima na la kweli. Nimonia huletwa na vijidudu, na vijidudu huhama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, hasa watu wakibanana ndani. Zaidi ya hayo, Shirika la Afya Duniani linasema kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba unakaribia kuongeza mara mbili hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia. Sasa fikiria masika yalivyo Mkongani. Mafiga yaliyokuwa uani yameingizwa chini ya paa, kuni zimelowa, zinafuka badala ya kuwaka, madirisha yamezibwa kwa magunia kuzuia manyunyu, na mtoto ameketi karibu na moto ili apate joto. Hewa anayoivuta hapo ndiyo ya kuogopwa. Nje ya mlango, mvua imeuosha upepo, na Mei ya pwani hata usiku hukaribia nyuzi 23 za selsiasi. Mtoto aliyelowa hupoteza joto upesi, na hilo ni kweli, kwa hiyo nguo kavu za kubadili ndizo mzigo wa lazima kuliko chochote kingine mfukoni. Lakini mtoto mkavu aliye nje asubuhi hana cha kuhofia kwa sababu ya ubaridi peke yake.

Anayedhani haya ni ushujaa wa nchi za joto na aulize Wakenya waliohamia Minnesota au Toronto, ambako theluji ikianguka usiku kucha inaweza kufika magotini. Huko mtoto huvalishwa tabaka juu ya tabaka, akatolewa nje akaichimbe theluji kwa koleo dogo, na walezi wa shule za awali wanalihesabu hilo kuwa sehemu ya kazi yao. Finland watoto wachanga hulazwa nje ndani ya vigari, wamefunikwa vizuri, katikati ya majira ya baridi, na wazazi wanaamini kuwa hulala vyema kuliko ndani. Siwaleti hapa ili tuwaige, kwani shida yao ni baridi inayoua na yetu sivyo. Nawaleta kwa sababu wameitenga hali ya hewa na hatari: wanajua ni kiasi gani cha baridi kinachomrudisha mtoto ndani, na chini ya kiasi hicho hawabishani. Sisi tumeichanganya mvua na hatari zake mpaka tumemfungia mtoto hata siku ambayo hatari haipo.

Kuhusu mtoto mchanga, nakubaliana na wazee kabisa. Desturi ya Waislamu wa pwani, Wadigo wakiwemo, ni mama na mtoto kukaa ndani siku arobaini, na katika siku hizo hakuna safari ninayoipendekeza, kiangazi wala masika. Mtoto ninayemsema ni yule aliyekwisha kukaza shingo, na hasa yule anayetembea. Na leso, pamoja na uzuri wake wote, ina mpaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano unasema mtoto asifungwe mahali pamoja, mgongoni ikiwemo, zaidi ya saa moja mfululizo, na kwamba wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kila siku. Saa tatu! Nani anazipata ndani ya chumba kimoja siku ya mvua? Shambani Mkongani zinapatikana bila kuhesabiwa: mtoto anateremshwa, anafuata kuku, anachota maji ya kidimbwi kwa kifuu, anachoka, anapandishwa tena.

Chakula cha siku kama hizi ni hoja yenyewe. Mboga za masika hazinunuliwi sokoni, zinachumwa. Mchicha, mnavu, kisamvu, majani ya kunde na mtsunga wenye uchungu huchipuka pembeni mwa mahindi, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchuma mchicha akajua kwamba amechangia sufuria ya jioni. Hupikwa kwa tui la nazi, zikaliwa kwa sima. Mtsunga anaweza kuukataa mara ya kwanza, na asilazimishwe.

Milima ya Shimba

Kesho yake njia huingia hifadhini. Hifadhi ya Kitaifa ya Milima ya Shimba ilitangazwa mwaka 1968, na ndiyo mahali pekee nchini Kenya ambapo swala wanaoitwa palahala bado wanaishi porini. Ndovu wapo pia, na kwa ajili yao nasema hivi: safari ya miguu ndani ya hifadhi ni pamoja na askari wa wanyamapori, na pembezoni mwa hifadhi, Mkongani ikiwemo, mtoto awe nyumbani kabla jua halijashuka. Wenyeji wanaolala wakilinda mihogo yao hawahitaji kuambiwa.

Lakini kwa mtoto mdogo ndovu ni mbali na ni mkubwa mno kueleweka. Wanyama wake ni wa chini. Mvua ikianuka, jongoo wakubwa weusi hutoka kwenye majani yaliyooza wakavuka njia kwa msururu, konokono hupanda magogo, na vyura huanza kuitana kabla matone hayajaisha kudondoka mitini. Mmojawapo wa vyura hao hapatikani popote pengine duniani: ni chura mdogo wa matete aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1975, ambaye akikomaa huwa na michirizi myekundu mgongoni kama maandishi. Anahitaji vidimbwi vya mvua ili azae. Palahala unaweza kumwona Februari ukibahatika, na ndovu vilevile. Vyura wakiimba pamoja utawasikia mvua iliponyesha tu. Maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha zaidi ya mita 20, wakati wa kiangazi huwa uzi mwembamba wa maji, na masika huunguruma. Njia ya kuyashukia ni kama kilomita mbili, na ya kupanda kurudi ni hizo hizo lakini mtoto atakuwa mgongoni, jambo ambalo mbebaji alifikirie wakati bado yuko juu.

Maji ya milima hii yana historia inayomhusu hata mtoto wa Mombasa asiyewahi kufika Kwale. Tangu mapema karne ya 20 chemchemi za Marere, ndani ya Shimba, zimepeleka maji mjini Mombasa kwa bomba. Msitu huyashika maji ya mvua, mchanga huyachuja, na miamba huyatoa polepole miezi ya ukame. Aliyetembea msituni asubuhi ya mvua anaona kazi hiyo ikifanyika: nje ya msitu maji yanakimbia juu ya ardhi yakiwa mekundu, ndani yanadondoka jani hadi jani na kuzama.

Hapa msituni, kwenye unyevu, ndipo hofu ya malaria inapoulizwa, na siipuuzi. Pwani ya kusini ina malaria mwaka mzima, na inaongezeka baada ya mvua. Lakini inaongezeka lini, na humpata mtoto wapi? Mbu wanaoieneza huuma usiku. Mayai yao yanahitaji siku kadhaa ndani ya maji yaliyotuama hadi kuwa mbu, na mbu huyo anahitaji siku nyingine kumi au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo asubuhi inayofuata mvua kubwa haiongezi malaria kwa yeyote. Wiki zinazofuata, usiku, kitandani, ndizo za kuogopa, na huko mtoto aliyeshinda ndani na aliyeshinda nje wako sawa. Kinga ni neti. Kwale yenyewe imetoa ushahidi mpya: utafiti uliofanywa humu na kuchapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba kuwapa wanajamii dawa ya ivermectin, inayomdhuru mbu akimuuma mtu, kulipunguza maambukizi mapya kwa asilimia 26 miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 15, juu ya kinga inayotolewa na neti. Wapo mbu wanaouma mchana, wale wa homa ya dengi na chikungunya, na wao huzaliana kwenye makopo, matairi na vifuu vilivyojaa maji uani. Kuvipindua vifuu asubuhi baada ya mvua ni kazi ambayo mtoto wa miaka mitatu huifanya kwa furaha kuliko mtu mzima.

Mtoni

Sasa nafika mahali ambapo wenye hofu wana haki yote. Kutoka Shimba maji huteremka kwa mito mifupi yenye mteremko mkali. Mkurumudzi unakwenda Gazi. Kusini yake Ramisi unapitia nchi iliyokuwa ya mashamba ya miwa na kuingia baharini. Mito mifupi hujaa kwa saa chache, na inaweza kujaa mahali ambapo mvua haikunyesha kabisa, kwa sababu imenyesha juu. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliua watu zaidi ya 150 nchini Kenya, na masika ya 2024 yakaua zaidi ya 200, mpaka serikali ikaahirisha ufunguzi wa shule. Wengi hufa wakivuka. Maji yenye kina cha sentimita 15 yakienda kwa kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kuliondoa gari dogo barabarani. Mtu aliyebeba mtoto mgongoni ana uzito uliopanda juu na mkono mmoja uliopungua.

Kwa hiyo hoja yangu ina mpaka mmoja usiojadiliwa: penye maji yanayokwenda juu ya njia, safari imeishia hapo. Hakuna kupima kwa kijiti, hakuna kumtuma boda boda ajaribu, hakuna kufuata kwa sababu lori limepita. Unageuka. Mtoto mdogo hurahisisha uamuzi huu kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kufika. Kuutazama mto uliojaa kutoka juu, mbali na ukingo wenyewe, kwake ni safari iliyotimia. Anayelazimika kuvuka ni yule anayewahi kliniki au soko, na kwa ajili yake nasema wazi kwamba madaraja ya kweli, yaliyoinuliwa juu ya mkondo badala ya vivuko vya zege vinavyopitiwa na maji, ni haki ya mtoto wa Kwale sawa na chanjo yenyewe. Tunapowaambia akina mama wasivuke, tuwe tumewapa pa kupita.

Maji yaliyotuama nayo yana sheria yake. Nchi ya Msambweni, humu humu Kwale, imechunguzwa miaka mingi kuhusu kichocho, ugonjwa unaotoka kwa konokono wa mabwawa na kumwingia mtoto kupitia ngozi akiwa anacheza majini, hasa mchana jua likiwa kali. Kidimbwi cha jana njiani hakina konokono hao. Bwawa la kudumu na kijito kinachokwenda polepole vinaweza kuwa nao. Mtoto aruke kwenye cha kwanza apendavyo, na cha pili akitazame kwa macho.

Gazi

Gazi ni kijiji cha wavuvi ambacho historia yake ni kubwa kuliko nyumba zake. Hapa ndipo palipokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyepigana na masultani wa Zanzibar na baadaye na Waingereza. Ngome yake ya Mwele, huko juu milimani, ilitekwa Agosti 1895, na mwaka uliofuata akavuka mpaka kuingia nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, asirudi. Njia kati ya Mwele na Gazi, msitu kwa bahari, ndiyo hiyo hiyo ya maji.

Siku za mvua ghuba ya Gazi haina rangi ya bahari ya picha. Mkurumudzi umeleta udongo wa mashamba, na maji karibu na mdomo wa mto ni ya rangi ya chai ya maziwa. Hapa mtoto anaweza kuoneshwa kazi ya mikoko kuliko siku yoyote ya kiangazi: upande huu wa mizizi maji yamechafuka, upande wa nje, kuelekea kwenye mwamba wa matumbawe, yanazidi kusafika. Mizizi inayapunguza kasi, tope linatua. Wanawake wa Gazi wamejenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na juu yake mtoto anatembea bila kukanyaga tope, akiwaona kaa wenye gando moja kubwa wakitoka mashimoni. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukitunza hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni iliyohifadhiwa humo, na pato limesaidia maji ya bomba na shule za Gazi na Makongeni. Ninaupenda mradi huu kwa sababu umewapa watu wa kijiji sababu ya mkononi ya kuuacha mti usimame.

Jambo moja la afya ni la huku chini, kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli: minyoo ya safura, inayoingia kupitia nyayo. Utafiti mkubwa wa Kwale uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba dawa ya minyoo ikitolewa kwa kaya nzima mara moja kwa mwaka, badala ya watoto wa shule peke yao, kiwango cha safura kilishuka kutoka karibu watu 18 katika kila 100 hadi 8. Hilo ni jukumu la wizara na wahudumu wa afya wa vijiji. Jukumu la mzazi ni champali. Mchanga unaooshwa na maji ya bahari kila siku hauna shida hiyo, na hapo mtoto avue.

Chakula cha Gazi siku ambazo kusi limechafuka ni cha akiba, kwa kuwa mashua ndogo hazitoki: papa mkavu aliyerowekwa na kupikwa kwa tui, kwa wali. Mtoto mdogo apewe mchuzi juu ya wali, na nyama ichambuliwe kwanza.

Kinondo na Diani

Kutoka Gazi njia hupanda kaskazini kandokando ya bahari. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo juu ya mwamba wa matumbawe, ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoandikwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni na huongozwa na mwenyeji. Haokoti kitu, hapigi kelele. Watu huniambia hapa si mahali pa mtoto mdogo. Naona ni mahali pake hasa, akiwa mgongoni, kwa muda mfupi, kwa sababu watoto wa kaya walikua humu kabla ya kuwepo mgeni, na kunong'ona ni mchezo ambao mtoto wa miaka mitatu anauweza. Mbele yake, ng'ambo ya Diani, msikiti wa kale wa Kongo umekaa penye mdomo wa mto Mwachema, katikati ya mibuyu. Mibuyu ambayo miezi michache nyuma ilikuwa mikavu kama iliyokufa, Mei imejaa majani.

Diani yenyewe wakati wa masika huachwa na wageni. Baadhi ya hoteli hufunga, nyingine hushusha bei, na zilizobaki wazi zina wazazi wanaotazama mvua kupitia kioo huku watoto wakiwa wameinamia simu. Wanaambiwa kuwa ufuo hauna kitu, kusi limejaza mwani. Ni kweli kusi hujaza mwani, marundo yake yakifika magotini. Lakini ndani ya marundo hayo kuna makombe, vipande vya matumbawe, kaa wadogo, mbegu zilizosafiri baharini, na mtoto akipewa ndoo atashinda hapo asubuhi nzima, jambo ambalo mchanga mtupu wa Januari haumpi. Juu ya barabara ya Diani, mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani hutoka baada ya mvua kukausha miili yao, wakivuka kwa madaraja ya kamba waliyofungiwa juu ya magari.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye upole kuliko yote: subiri, masika yataisha, utampeleka Agosti. Lakini kalenda ya Kenya haisubiri pamoja nasi. Likizo ya Aprili huangukia mwanzo wa mvua, na muhula wa pili hufunguliwa mvua ikiwa bado inanyesha. Mtoto huingia darasa la awali, PP1, akiwa na miaka minne. Aliyezaliwa leo atakuwa na masika mawili, labda matatu, ambayo anaweza kutembea na bado hajadaiwa na shule. Baada ya hapo asubuhi za Mei zitakuwa za mwalimu.